Sukari ya Ukoo na Nguvu za Kiume



Msimu wa korosho ukishafunguliwa mwezi wa kumi na malipo ya minada yakaanza kuingia, wauza dawa za nguvu za kiume nao huingia. Pale njia panda ya Nanganga, barabara ya Ruangwa inapoachana na ile ya Masasi, hawakosekani. Spika imefungwa nyuma ya pikipiki, meza imetandikwa kitambaa chekundu, juu yake kuna vichupa vya asali iliyochanganywa na mizizi, unga wa kahawia kwenye pakiti za nailoni, na vile vikopo vidogo vya vumbi la Kongo. Ukikaa pembeni ukatazama, utaona kwamba wanaume hawaiendei meza moja kwa moja. Mmoja atanunua vocha kwanza, atauliza kama gari la Lindi limeshapita, atainama kufunga kamba ya kiatu. Kisha atamnong'oneza kijana wa boda boda, na kijana ndiye atakayekwenda kununua. Pakiti ikishaingia mfukoni, mzee anapanda nyuma na safari inaendelea.

Mimi namheshimu mtu huyo. Ana ndoa anayotaka idumu, na pesa anayoitoa ni ya korosho alizozihangaikia tangu wakati wa kupulizia salfa. Ninachotaka kumwambia jioni hii ni kwamba tatizo alilonalo huenda halikuanzia kwake wala haliishii kwake. Kwa wanaume wengi wa umri wa makamo, kulegea chumbani ni habari inayotoka kwenye damu: sukari, presha, mafuta, mishipa. Na sehemu ya habari hiyo ni ya ukoo. Ameipata kwa baba na kwa mama, na ndugu zake wa tumbo moja, wa kike kwa wa kiume, wamegawiwa kutoka fungu lile lile. Anapoificha mfukoni pamoja na ile pakiti, anawanyima na wao habari inayowahusu.

Kwetu huku maelezo ya tatizo hili hayatafutwi mbali. Mwanaume amefungwa. Amekanyaga tego la mume mwenzie. Mke mkubwa kamfanyia jambo kwa sababu ya mke mdogo. Mganga atakuambia jina la aliyekufanyia, na jina likishatajwa, undugu umekwisha. Nimeona watu wa mji mmoja wakiacha kuzikana kwa sababu ya maneno ya namna hiyo. Kwa hiyo tusidhani kwamba kujua chanzo halisi ni anasa ya wasomi. Kutojua kunavunja nyumba mbili kwa mpigo, ya mgonjwa na ya anayeshukiwa.

Sasa tuutazame mwili, kwa adabu lakini bila kuzunguka. Uume hausimami kwa mfupa, unasimama kwa damu. Ubongo ukitoa ishara, mishipa ya fahamu pamoja na utando laini ulio ndani ya mishipa ya damu hutoa hewa iitwayo naitriki oksaidi. Hewa hiyo huilegeza mishipa, damu ikajaa, na njia za kutokea zikabanwa. Mwaka 1998 wanasayansi watatu wa Marekani, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua kazi ya hewa hiyo katika mfumo mzima wa moyo na mishipa. Sikiliza vizuri hapo: mfumo mzima. Hewa inayohitajika chumbani ndiyo hiyo hiyo inayohitajika moyoni.

Mshipa unaopeleka damu uumeni una upana wa milimita moja hadi mbili. Ile inayolisha moyo ina milimita tatu hadi nne. Mafuta yakianza kuganda kwenye kuta za mishipa, mwembamba ndio unaoonyesha dalili kwanza. Ndiyo maana madaktari wa moyo wameona mara nyingi kwamba mwanaume anayekuja kuugua mishipa ya moyo huanza kulegea chumbani miaka miwili hadi mitano kabla kifua hakijambana. Miaka hiyo ni ya thamani kubwa. Mtu anakuwa amepewa taarifa mapema, na yeye anakwenda kuimalizia kwenye meza yenye kitambaa chekundu.

Sukari iliyozidi hupiga pande mbili kwa pamoja. Huuharibu ule utando wa ndani hadi ushindwe kutoa hewa ya kutosha, na huiua mishipa ya fahamu polepole, kama inavyowafanya wagonjwa wa kisukari wakanyage mwiba wasiusikie. Presha huikaza na kuichosha mishipa. Mafuta ya tumboni nayo huichukua homoni ya kiume, testosteroni, na kuigeuza kuwa estrojeni, ambayo kwa wingi ni homoni ya kike. Mtu akiwa na vyote vitatu, kama ilivyo kwa wengi, hakuna haja ya kumtafuta mchawi.

Takwimu za nyumbani zipo. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa kliniki ya kisukari ya Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Wanaume 312 wenye kisukari waliulizwa maswali ya wazi kuhusu hali yao ya unyumba, na zaidi ya nusu, asilimia 55, walikuwa na tatizo kwa kiwango fulani. Miaka miwili baadaye ukatoka utafiti mwingine wa wakazi wa Kinondoni, watu wa mitaani, hawakutafutwa kliniki ya sukari. Takriban mwanaume mmoja katika kila wanne alikuwa nalo. Mmoja katika wanne, na nina hakika karibu kila mmoja wao alidhani yuko peke yake.

Msikilizaji makini atauliza hapo: je, ni kisukari kinacholeta ulegevu, au ni umri unaoleta vyote viwili? Au ni pombe, au mawazo ya madeni? Ni swali la haki, na kwa muda mrefu halikuwa na jibu safi. Wenye sukari mara nyingi ndio hao hao wenye umri mkubwa, wenye unene, wenye presha. Utaitengaje sababu moja na nyingine? Vinasaba ndivyo vilivyotoa njia.

Mtoto anapotungwa, kila mzazi hutoa nusu ya vinasaba vyake, na nusu gani itoke ni kura. Kura hiyo haijui kama mtoto atakuja kunywa pombe ya uraka au atakuwa mwalimu wa madrasa, kama atalima au atakaa ofisini. Kwa hiyo wachukue wanaume wengi mno, uwatenge kwa kura zao tu: huku waliogawiwa vinasaba vingi vya kuelekea kisukari, kule waliogawiwa vichache. Kisha hesabu wenye ulegevu kila upande. Tofauti utakayoikuta ni vigumu kuisingizia pombe au madeni, kwa sababu kura ilipigwa kabla ya vyote hivyo.

Ndivyo walivyofanya watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Exeter, Uingereza, katika kazi iliyotangazwa mwishoni mwa mwaka 2018. Walikuwa na taarifa za wanaume zaidi ya 223,000 kutoka Uingereza, Estonia na Marekani, na kati yao 6,175 walikuwa na tatizo la kusimamisha. Waliorithi mwelekeo wa kisukari cha aina ya pili, kile cha ukubwani, ndio walioangukia zaidi kwenye ulegevu. Kwa lugha ya nyumbani: kisukari hakiongozani tu na ulegevu, kinauleta.

Mwaka huo huo, miezi michache kabla, timu ya California iliyotumia taarifa za wanaume 36,649 ilikuwa imetoa jambo la ajabu zaidi. Walikuta sehemu moja kwenye kromosomu ya sita, karibu na kinasaba kiitwacho SIM1, ambapo tofauti ya herufi moja tu ya vinasaba inaongeza uwezekano wa tatizo hili kwa asilimia 26. Wale wa Oxford na Exeter, kwa watu wengine kabisa, nao wakafikia sehemu ile ile. SIM1 inafanya kazi ndani ya ubongo, kwenye kieneo kidogo kinachosimamia njaa, uzito na ashiki. Madaktari wanaotibu unene waliijua zamani, kwa sababu ikiharibika vibaya mtoto hula asishibe. Lakini wanaume wenye ile herufi hawakuwa wanene kuliko wengine. Udhaifu wao ulikuwa wa chumbani peke yake. Jambo hilo lilinishika nilipolisoma, kwa sababu linamaanisha kwamba yupo mwanaume mwembamba, mcha Mungu, asiyevuta wala kunywa, anayelima ekari zake kwa mkono, na bado tatizo likamfika kwa sababu ya herufi moja aliyozaliwa nayo. Mtu huyo anaishi miaka mingapi akijilaumu?

Pacha nao wamesaidia kupima. Huko Marekani walichunguzwa pacha wa kiume waliotumikia jeshi enzi za vita vya Vietnam, wale wa kufanana kabisa wakilinganishwa na wale wasiofanana. Ilionekana kwamba takriban theluthi moja au zaidi kidogo ya tofauti kati ya wanaume katika jambo hili inatokana na urithi. Kilichobaki kinatokana na maisha.

Na hicho kilichobaki ni kingi. Nalisema hili kwa nguvu, maana mtu akiambiwa jambo ni la kurithi, mara nyingi hukunja mikono. Mwaka 1989 jarida la Lancet lilichapa utafiti ulioongozwa na Profesa Donald McLarty wa Muhimbili. Yeye na wenzake walipima watu zaidi ya 6,000 katika vijiji sita vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara. Wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika kila mia. Mwaka 2012 ulipofanyika utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, wenye kisukari walikuwa asilimia 9, na robo ya watu wote walikuwa na presha. Umri wa waliopimwa haukuwa sawa katika tafiti hizo mbili, na ule wa kwanza ulikuwa wa vijijini tu, kwa hiyo sitakuambia ugonjwa umeongezeka mara kumi kamili. Lakini vinasaba vya Watanzania havikubadilika ndani ya miaka 23. Watu ni wale wale, damu ni ile ile.

Kilichobadilika tunakiona kila siku. Babu alishuka bondeni na kupanda uwanda wa Makonde kwa miguu, jembe begani, akala ugali wa muhogo kwa kisamvu au mbaazi, na sukari aliiona siku ya sikukuu. Mjukuu anapelekwa shambani na boda boda, hata kama shamba ni la kilomita mbili. Asubuhi chai ya vijiko vinne vya sukari na chapati, mchana sembe nyeupe mlima mzima, jioni soda ya baridi kwa sababu jua lilikuwa kali. Msimu wa mabibo uraka ukianza kuuzwa, kuna wanaoacha kula kabisa wakawa wanakunywa tu. Vinasaba vya kisukari vilikuwamo ndani ya babu, vikalala. Kwa mjukuu vimeamshwa. Wala usidhani ni lazima uwe na kitambi, maana Afrika wapo wengi wanaougua kisukari cha ukubwani na miili yao ni ya kawaida.

Je, haya yaliyosomwa kwenye damu ya Wazungu yanatuhusu? Ni kweli kwamba kazi ya Oxford na Exeter ilihusu watu wenye asili ya Ulaya, na huo ni upungufu ambao sayansi inapaswa kuuona aibu. Lakini mlango umeanza kufunguka. Mwaka 2019 ulitoka utafiti mkubwa wa vinasaba vya kisukari wa watu zaidi ya 5,000 kutoka Nigeria, Ghana na jirani zetu wa Kenya. Ulithibitisha kinasaba ambacho tayari kilijulikana duniani, TCF7L2, na ukaibua kingine, ZRANB3, kinachogusa seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Njia ya kutoka kwenye insulini hadi kwenye mishipa ni moja kwa binadamu wote. Mshipa wa milimita moja ni wa milimita moja, Exeter na Nanganga.

Sasa nije kwa wajomba, kwa sababu hapa ndipo mila zetu zinaweza kutusaidia au kutupoteza.

Wamakonde, Wamakua na Wayao tumezoea kuuhesabu ukoo kwa mama. Mjomba ndiye mwenye sauti, ndoa ikiyumba ndiye anayeitwa. Mwanamke akichoka kuvumilia huenda kwa kungwi wake, kungwi humfikishia mama, na maneno huwa yameshafika kwa wajomba kabla mume hajakaribia mlango wa zahanati. Kikao kinakaa, mwanaume anainamisha kichwa, na swali la kwanza ni: una ugomvi na nani?

Natamani swali la kwanza liwe jingine: kwenu nani ana sukari? Na likiulizwa, lisiishie upande mmoja. Vinasaba havifuati hesabu yetu ya ukoo kwa mama, wala hesabu ya wenzetu wanaofuata kwa baba. Vinatoka nusu kwa nusu. Mwanaume anayetaka kujua habari za nguvu zake za kiume akumbuke watu ambao hajawahi kuwahusisha nazo. Bibi aliyekatwa mguu kwa kidonda kilichogoma kupona. Mama mdogo aliyejifungua mtoto wa kilo tano, watu wakashangilia ukubwa wake, kumbe ilikuwa sukari ya mimba. Shangazi aliyepofuka. Mjomba aliyeanguka bafuni akaamka mdomo umekwenda upande. Hao wote, wanawake kwa wanaume, ni kurasa za taarifa yako. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua kisukari cha ukubwani yuko katika hatari zaidi ya mara mbili ya mtu asiye na historia hiyo. Na vijana wanapofundwa jandoni kuhusu utu uzima na ndoa, ningependa mwalimu wao awaambie na hili, kwa sauti ile ile anayowaambia mengine.

Lipo jambo jingine la vinasaba ambalo sisi wa ukanda wa malaria tunapaswa kulijua vizuri kuliko watu wa Ulaya, na huku kwetu husikii likizungumzwa. Hospitali kubwa zina kipimo kinachoitwa sukari ya miezi mitatu. Kinapima sukari iliyojishika kwenye chembe nyekundu za damu. Chembe hizo huishi takriban siku 120, kwa hiyo kadiri sukari ilivyokuwa juu siku hizo, ndivyo inavyojishika nyingi. Ni kipimo kizuri. Lakini Waafrika wengi tumerithi mabadiliko ya chembe nyekundu yaliyowasaidia mababu zetu dhidi ya malaria. Mojawapo ni upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Mwenye upungufu huo chembe zake hufa mapema, hazipati muda wa kukusanya sukari, na kipimo kinasoma chini kuliko ukweli. Kinasaba chenyewe kiko kwenye kromosomu ya X, ambayo mwanaume anayo moja tu, ya mama yake. Akirithi iliyo na upungufu, hana ya pili ya kuifidia.

Mwaka 2017 kazi kubwa ya watafiti wa mataifa mengi, iliyohusisha watu karibu 160,000, ilionyesha kwamba kwa kutegemea kipimo hicho pekee baadhi ya Wamarekani weusi wenye kisukari wangeambiwa hawana. Miaka miwili baadaye, utafiti wa vinasaba uliofanywa Kyamulibwa, kusini magharibi mwa Uganda, ulikuta uhusiano kama huo kati ya kipimo hicho na badiliko jingine la chembe nyekundu, talasemia ya alfa, nalo ni la ukanda wa malaria. Kwa hiyo ukiambiwa sukari yako ya miezi mitatu ni nzuri, lakini unaamka usiku mara kwa mara kukojoa, kiu haikatiki, na chumbani mambo yamelala, usiondoke umeridhika. Omba upimwe sukari ya asubuhi kabla ya kula.

Tuje kwenye dawa. Sildenafili, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Viagra, ilikuwa inajaribiwa kutibu maumivu ya moyo katika maabara za Pfizer huko Sandwich, Uingereza, hadi wanaume waliokuwa kwenye majaribio wakaeleza jambo jingine. Marekani iliiruhusu Machi 1998. Dawa hiyo haiumbi nguvu. Inazuia ile ishara iliyoanzishwa na naitriki oksaidi isizimwe haraka. Kama sukari imeshaharibu utando na mishipa ya fahamu, ishara yenyewe ni hafifu, na dawa haina cha kushikilia. Hapo ndipo utasikia mtu akisema dawa imekataa, ameongeza ya pili, ameongeza ya tatu. Haikukataa. Imekuambia ugonjwa umefika wapi.

Na ule unga wa njia panda? Mamlaka za dawa za nchi mbalimbali, Marekani ikiwemo, zimekuta mara nyingi sildenafili iliyofichwa ndani ya bidhaa zinazouzwa kama za asili. Mnunuzi anasifu mizizi, kumbe amemeza kidonge kilichosagwa, kwa kipimo asichokijua. Mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za kundi la naitreti, zile za kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, akichanganya na hicho, presha inaweza kushuka ghafla akafia pale pale kitandani. Msiba huo familia huusimulia kwa kunong'ona, na aliyeuza ameshahama na spika yake.

Kuna wanaume wengine walioacha dawa za presha kwa sababu waliambiwa, au waliona wenyewe, kwamba zinapunguza nguvu. Hawasemi uongo. Baadhi ya dawa za presha zinaweza kufanya hivyo. Lakini ziko za aina nyingi, na daktari anaweza kukubadilishia. Ukiacha kimya kimya, presha itaendelea kuiharibu ile mishipa unayojaribu kuiokoa. Mwambie daktari sentensi moja tu: tangu nianze dawa hii, nyumbani mambo hayaendi. Ameshaisikia mara nyingi.

Sikatai kwamba wapo ambao tatizo lao ni la moyoni, la msiba, la hofu, la ugomvi ndani ya nyumba. Dalili moja husaidia: kama alfajiri unaamka mambo yakiwa sawasawa, lakini mbele ya mke yanagoma, huenda mishipa ni mizima na kinachohitajika ni mazungumzo. Kama hata alfajiri hayapo, na yalipotea polepole, tazama damu.

Na kuna habari njema yenye namba. Huko Naples, Italia, wanaume 110 wanene waliokuwa na tatizo hili, lakini hawajafikia kisukari, waligawanywa makundi mawili ya watu 55. Kundi moja lilisaidiwa kwa karibu kupunguza chakula na kuongeza mwendo kwa miaka miwili, kundi jingine likapewa maelezo ya jumla tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004: katika kundi la kwanza 17 walirudi katika hali ya kawaida, katika la pili 3. Si wote, wala sitakudanganya kwamba ni wote. Lakini hao 17 walirudi bila kidonge, na pamoja na hilo maisha ya namna hiyo huipa mishipa yote, ya moyo na ya ubongo, nafuu ambayo hakuna pakiti inayoweza kuileta. Kwetu huku dawa hiyo inaanzia mahali padogo: kuiacha boda boda kwa safari za karibu, kurudisha mbaazi na mboga za majani kwenye sahani, kupunguza sembe na uraka, kuacha sigara.

Ukiamua kupima, nenda asubuhi bila kula tangu saa nne usiku. Maji ruksa, chai hapana. Watakuchoma kidole, tone la damu litawekwa kwenye kijikaratasi, na mashine itasoma ndani ya sekunde chache. Ikisoma 7 au zaidi, watarudia siku nyingine kuhakikisha. Kati ya 6 na 7 ni onyo, na hapo ndipo pa kukimbilia kabla mambo hayajaharibika. Wapime na presha. 140 kwa 90 kwenda juu ikijirudia ni kubwa. Waeleze kilichokupeleka. Kama mhudumu ni binti wa umri wa mwanao na ulimi unakuwa mzito, omba uonane na mhudumu wa kiume, si dhambi.

Halafu ukitoka, kabla hujapanda gari, mpigie dada yako, na kaka yako kama unaye. Wasomee namba uliyosomewa, uwaambie na wao wakapime, pamoja na mama kama yupo hai. Mambo ya chumbani si lazima uwaeleze.